Pamba Iliyoota kwa Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na ukikaa kwenye kiti chake kidogo tu unajua kwa nini. Alikuwa kinyozi wa kunyoa kwa mkono mmoja na kugombana kwa mkono wa pili. Ukimwambia, "Punguza kidogo hapa juu ya sikio," anazima mashine, anakutazama kwenye kioo, anakuuliza: "Kichwa chako nakiona mimi au unakiona wewe?" Lakini watu walirudi. Walirudi kwa sababu mstari wake wa kwenye paji la uso ulinyooka kama umepigwa rula, na kwa sababu hasira zake zilikuwa moto wa karatasi: zinawaka, zinazimika, halafu anakuuliza mama hajambo.

Kibanda chake kilibanwa katikati, shule ya msingi upande huu, fundi viatu upande ule. Mabati juu, mlango wa bluu, kioo chenye ufa pembeni, na kiti cha kuzunguka kinacholia kama paka aliyekanyagwa. Juu ya kioo palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia brashi.

Sasa hiyo brashi usiipite hivihivi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, naye alikuwa kinyozi palepale. Mpini wa mti mweusi, umelika upande mmoja mahali kidole gumba cha mzee kilipokuwa kinakaa. Nywele zake za mkia wa farasi, laini kama manyoya ya kifaranga. Mashine za mzee zilikufa, viti vikavunjika, redio ikaibwa, brashi ikabaki. Kila aliyemaliza kunyolewa alipigwa nayo: shingoni, nyuma ya masikio, kisogoni, halafu mzunguko mmoja utosini, fyu! Cheche aliamini kabisa kwamba mtu asiyepita kwenye brashi ile hajanyolewa, kapunguzwa nywele tu.

Na usafi? Usimguse Cheche kwenye usafi, utatukanwa. Mashine aliimwagia spiriti mbele ya macho yako na kuiwasha kiberiti, pwaa, moto wa bluu. "Umeona? Usije ukasema hukuona." Vitana vilikaa kwenye maji ya dawa mpaka vikapauka. Taulo alimpelekea mama yake, akafua kwa maji ya moto. Brashi je? Brashi ilikuwa brashi. Nani anaosha brashi? Inapangusa nywele safi kwenye kichwa kilichokwisha kunyolewa kwa mashine safi. Itapata wapi uchafu?

Ndivyo alivyokuwa anawaza mpaka asubuhi ile Mwalimu Mkuu alipoingia.

Alikuwa mwanamke mfupi, nywele zake fupi nyeupe, na sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Kamshika mkono mjukuu wake. Hakusema habari za asubuhi. Alimvua mtoto kofia, akamgeuza.

"Tazama."

Cheche akatazama. Kichwani mwa mtoto palikuwa na madoa ya duara, makavu, yenye ganda jeupe kama majivu, na nywele zimekatika katikati.

"Mapunye," akasema Cheche. "Pole yake. Watoto hao, mwalimu, wanabadilishana kofia."

"Nimewapanga mstari darasa kwa darasa," akasema Mwalimu Mkuu. "Wenye mapunye wote nimewauliza wananyolewa wapi. Unataka nikwambie walijibu nini?"

Kwa fundi viatu nyundo ikanyamaza. Huyo fundi alikuwa na masikio ya sungura, na umbea haujawahi kumpita.

"Mwalimu, unanitukana kwenye kibanda changu?" Cheche akapandisha. "Mimi? Mimi ninayechoma mashine moto? Nenda kwa wale wa stendi wanaofuta wembe kwenye suruali, kule ndiko ukapange mstari! Tena mimi ndiye ninayewatibu hawa watoto wako. Akija mwenye mapunye, nampasulia kidonge cha antibayotiki, namnyunyizia unga wake kichwani. Bure! Muulize mjukuu wako."

"Ulimnyunyizia?"

"Mara ngapi!"

"Amepona?"

Cheche akageukia kioo, akaanza kukifuta.

"Basi sikiliza, mwanangu," akasema Mwalimu Mkuu, na hilo neno "mwanangu" lilimuuma kuliko tusi. "Baba yako amemnyoa marehemu mume wangu miaka yote. Sikuja kukuvunjia jina. Lakini nimeshawaambia wazazi: mpaka nijue haya yanatoka wapi, hakuna mwanafunzi wangu atakayekaa kwenye hicho kiti."

Akamvika mtoto kofia, wakatoka. Cheche akarusha kitana ukutani. Kikavunjika meno.

"Rusha na kioo," fundi viatu akaita kutoka kwake. "Umalize kazi!"

"Gonga visigino vyako wewe!"

Lakini mwisho wa wiki hiyo Cheche hakuwa na wa kumgombeza. Watoto ndio waliokuwa wanajaza benchi, na baba zao waliwafuata watoto. Sasa benchi tupu. Wapita njia walichungulia wakapita, na mmoja alishika kisogo chake mwenyewe kabla ya kuongeza mwendo. Hilo lilimkaa Cheche rohoni. Kibanda kile baba yake alikiacha na jina zuri, na jina ndilo urithi pekee ambao mtu hawezi kuufungia kwa kufuli. Likienda, na kibanda kimeenda.

Siku ya Jumapili mdogo wake wa kike alikuja nyumbani. Yeye alikuwa anasoma chuo cha maabara, mwaka wa kwanza, analala bweni, na Cheche alimwita Daktari, nusu kwa kejeli, nusu kwa kujivunia. Alimkuta kaka yake jikoni kwa mama, anawaka peke yake.

"Kaka, si tupime tu?"

"Kupima nini? Mimi mgonjwa?"

"Vyombo vyako. Nikimwomba mwalimu wetu wa maabara atanipa sahani. Tunapangusa kila chombo kwa kijiti cha pamba, tunapaka kwenye sahani, tunasubiri kinachoota."

"Yaani unaona mimi mchafu."

"Naona wewe mkali. Uchafu ndio tunautafuta."

Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mkubali tu, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukikikuta, utakikung'uta."

Jumapili iliyofuata Daktari akaja na boksi. Ndani yake sahani ndogo za plastiki zenye vifuniko, na ndani ya kila sahani jeli, imeganda inang'aa. Cheche akataka kuonja. Akapigwa kofi la mkono.

"Hicho ni chakula cha vijidudu, si chako!"

Walianzia kibandani. Mashine, kitana, taulo, kiti, mkono wa Cheche. Fundi viatu akaja kuchungulia, akaambiwa atoe simu yake, naye akaitoa kwa mbwembwe: "Pima, pima! Mimi hii naifuta kila siku kwenye shati." Brashi nayo ikapanguswa, ingawa Cheche aliona ni kupoteza kijiti. Mwisho wakaenda kwa Mwalimu Mkuu, na Daktari akaomba ruhusa, akakwangua ganda kidogo kichwani mwa mjukuu. Mwalimu Mkuu alikubali haraka. Cheche alikaa nje getini, hakuingia, hasira zake bado zilikuwa na moshi.

Wakarudi kibandani. Kila kitu kilipata sahani mbili, zikapangwa safu mbili.

"Kwa nini mbili?" Cheche akauliza. "Moja haitoshi kuniaibisha?"

Daktari akakaa kwenye kiti cha wateja, akakizungusha kikalia. "Sikiliza. Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa seli. Seli ni kijumba kidogo, hukioni kwa macho. Wewe umejengwa kwa vijumba vingi mno. Bakteria yeye ni kijumba kimoja tu, na maisha yake yote yamo humo."

"Kama chumba cha kupanga."

"Kumbe unaelewa! Chumba kimoja. Kitanda humo, jiko humo, ndoo humo, na karatasi zake muhimu zimetupwa sakafuni, hana kabati. Fangasi ni kitu kingine. Fangasi ana nyumba ya vyumba. Ana chumba cha ndani anachofungia ramani ya nyumba, tunakiita kiini. Ana chumba cha jenereta. Seli yako nayo iko hivyohivyo. Kwa ujenzi wa ndani, fangasi yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na bakteria."

"Mimi na ukungu wa mkate ni ndugu?" Cheche akasimama. "Fundi! Unamsikia huyu?"

"Binamu wa mbali," akasema Daktari. "Sasa safu ya kwanza ni jeli ya kawaida, anaota yeyote. Safu ya pili kuna kitu nimechanganya, nitakwambia baadaye. Ila nakuomba jambo moja, kaka. Moja tu. Usiseme neno mpaka nirudi. Bakteria ana haraka, anajigawa mara mbili, mara mbili, mara mbili, kesho unamwona. Fangasi hana haraka. Huyo ukimsubiri atakuchosha. Na usifungue vifuniko!"

"Mimi mtoto?"

Daktari akafunga kila kifuniko kwa utepe.

Boksi likawekwa jikoni kwa mama, kwenye rafu karibu na jiko, mahali pa joto. Mama alilifunika kwa khanga kuukuu. "Nimefuga kuku, nimefuga bata," akawaambia majirani, "sasa nafuga wasio na macho."

Basi unadhani Cheche alitulia? Keshokutwa yake tu akainua khanga. Lo! Sahani ya simu ya fundi viatu ilikuwa imejaa vidoti vya njano, vyeupe, vingine vinang'aa kama matone ya mafuta ya taa. Mkono wake mwenyewe ulikuwa na msitu. Akauficha mkono mfukoni kana kwamba kuna anayeuona. Mashine: kidoti kimoja. Kitana: hamna. Brashi: vidoti vichache, vichache kuliko simu, vichache kuliko mkono. Akainama kutazama safu ya pili. Jeli tupu. Mashine tupu, taulo tupu, brashi tupu. Inang'aa kama kioo kilichofutwa asubuhi.

Cheche akapiga yowe lililomwagisha chai ya mama yake.

Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Alibandika karatasi mlangoni, herufi kubwa: VYOMBO VIMEPIMWA KITAALAMU. VISAFI. Akamshika kila mpita njia. "Sayansi imesema! Tena brashi ya marehemu ndiyo iliyoongoza! Na ukitaka kujua mchafu wa mtaa huu nani, muulize huyo hapo simu yake ina nini!"

"Nyani haoni kundule," akajibu fundi viatu. "Mkono wako je?"

"Mkono naosha!"

Akavuka mpaka shuleni, akasimama mlangoni kwa Mwalimu Mkuu, kifua mbele. "Mwalimu, Jumamosi wiki ijayo mdogo wangu anarudi na majibu. Njoo kibandani uone mwenyewe. Na uje na mdomo uleule uliowatangazia wazazi."

Mwalimu Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Nikikuta niliyosema si kweli, nitasimama barazani shuleni nikuombe radhi. Nikikuta ni kweli?"

"Nikikosa mimi, nitasimama mimi!"

Hakurudi kuangalia boksi tena. Kwa nini aangalie, na majibu anayo? Khanga ilibaki juu ya boksi, jiko likatoa joto lake, na chini ya khanga asiye na haraka akaendelea na shughuli zake taratibu.

Jumamosi ikafika. Cheche alivaa shati la sikukuu. Alifagia mpaka mbele ya kibanda cha fundi viatu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wazazi kadhaa walisimama mlangoni, Mwalimu Mkuu akapewa benchi, na mama akaja na boksi kichwani, khanga juu yake kama anabeba keki ya harusi. Daktari alishuka kwenye gari, akaona watu, akaona karatasi mlangoni. Uso ukambadilika.

"Kaka. Nilikuomba jambo gani?"

"Fungua, Daktari, fungua. Watu wana kazi."

"Umeiangalia tena safu ya pili?"

"Fungua!"

Akatoa khanga. Akapanga sahani juu ya meza ya vioo, vifuniko vyake vimefungwa kwa utepe. Simu, mkono, kiti; watu wakaguna, wengine wakacheka, fundi viatu akainama kama bwana harusi. Kisha safu ya pili. Mashine, tupu. Kitana, tupu. Taulo, tupu. Brashi.

Watu wakasogea, shingo zikarefuka.

Ndani ya sahani ya brashi ilikuwa imeota pamba. Si mfano wa maneno, pamba kabisa: nyeupe, laini, duara zuri, imejaa kutoka katikati mpaka ukingoni kama mtu kalaza kifaranga humo. Daktari akachukua sahani ya mwisho, ya kichwa cha mjukuu, akaiweka pembeni. Pamba ileile. Weupe uleule, duara lilelile. Ungeziita mapacha.

"Nilimpelekea mwalimu wa maabara picha za mwanzo nilizotumiwa na mama," akasema Daktari taratibu. "Alisema huenda, ngojeni. Haya basi. Fangasi aliye kichwani mwa mtoto na fangasi aliye kwenye brashi, kwa macho ni mmoja. Kwa hadubini tutahakikisha."

"Haiwezekani," akasema Cheche. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Hiyo brashi inagusa kichwa kilichokwisha kunyolewa."

"Ndiyo. Kila kichwa. Mwenye mapunye na asiye nayo. Mashine unaichoma moto kabla ya mteja, halafu unamalizia kwa brashi iliyotoka kumpangusa mgonjwa. Unafunga mlango wa mbele kwa kufuli mbili, wa nyuma uko wazi."

"Nimewatilia dawa!"

Hapo Daktari alisita, kwa sababu alimpenda. Lakini alisema. "Kaka, ile safu ya pili, niliyokwambia nimechanganya kitu. Ni antibayotiki. Dawa ya jamii ileile ya vidonge vyako. Imo ndani ya jeli yote. Tunaiweka makusudi izuie bakteria, tubaki na fangasi peke yake. Haijamtikisa."

Fundi viatu alikuwa na neno ulimini, ukimtazama uliliona kabisa. Akamtazama Cheche. Akalimeza, na kwa mtu yule kumeza neno lilikuwa jambo zito kama kumeza kisigino.

Cheche alibandua karatasi mlangoni. Kila mtu alidhani atarusha kitu. Aliikunja, akaitia mfukoni, akatoka, akaenda zake.

Daktari alimkuta nyuma ya nyumba, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi, kidole gumba chake mahali pa kidole cha baba.

"Nimewaambukiza watoto wa watu kwa mkono wa baba," akasema.

"Hukujua."

"Nimebandika mpaka tangazo!"

"Hilo ulijua," akasema Daktari. "Hilo ni ujinga wako mwenyewe." Kisha akamsukuma bega. "Simama. Mwalimu wetu yuko maabara leo, amesema nije na hiyo sahani. Twende ukamwone adui yako kwa macho."

Maabara ya chuo ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti, na harufu hiyo ilimtuliza Cheche kidogo, alijiona yuko kazini. Mwalimu wa maabara, mzee mwenye koti jeupe lililochakaa viwiko, alichukua kijipande cha ile pamba kwa utepe wa gundi, akakiweka juu ya kioo na tone la rangi ya bluu, akatazama, akazungusha gurudumu, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiye. Haya, kinyozi, inama. Ukikonyeza utaona kope zako."

Cheche aliona kope zake. Akatukana kidogo. Halafu ghafla ikatulia, na mbele yake kukawa na nyuzi. Nyuzi ndefu za bluu zimegawanyika kama matawi, zimekatwa vipande vipande kama miwa, na pembeni yake vijiduara vidogo, vingi, kama mbegu zilizomwagika.

"Hizo mbegu ndizo zinazokaa kwenye nywele za brashi," akasema Daktari. "Kavu, bila kula, zinangoja kichwa."

"Wana subira hawa mbwa."

"Kuliko wewe."

Mzee wa maabara akampa kijiti cha meno. "Jikwangue ndani ya shavu. Polepole." Akapaka kwenye kioo kingine, tone la bluu, akamwita tena. Safari hii Cheche aliona kitu kama kipande cha karatasi kilichochanika, kimekunjika pembeni, kimepauka, na katikati yake doa moja jeusijeusi.

"Hiki nini?"

"Wewe," akasema mzee.

"Mimi?"

"Seli moja ya shavu lako. Hilo doa ndilo kiini, chumba cha ramani. Humo imeandikwa pua yako, na rangi yako, na pengine hizo hasira."

Cheche hakuinua kichwa. "Mbona haina ukuta? Daktari alisema nyumba."

Mzee akamtazama Daktari, akatabasamu. "Ndiyo hapo penyewe. Bakteria kajenga ukuta wa tofali lake. Vidonge vyako vingi kazi yake ni kubomoa tofali hilo. Fangasi naye ana ukuta, lakini wa tofali jingine, nyundo yako inagonga hewa. Na wewe huna ukuta kabisa, una pazia tu, ndiyo maana ukimeza kidonge hakikubomoi. Mapunye yanataka dawa yake ya fangasi, tena ya kumeza, ya hospitali. Si unga wa kunyunyiza."

"Kwa hiyo nilikuwa naua wasiohusika."

"Uliwapiga majirani, mwizi akakutazama."

Cheche akacheka. Alicheka mpaka hadubini ikatikisika, mzee akaishika. Akainama tena, akaitazama ile karatasi iliyochanika kwa muda mrefu. "Sina hata sura," akasema. "Na nimejaa kiburi hivi."

Jioni hiyo mama alibandika sufuria ya maji. Daktari alikuwa amesema brashi ichemshwe, akasema pia nywele za farasi huenda zisivumilie. Hazikuvumilia. Gundi ya zamani ililegea, manyoya yakaelea juu ya maji kama mvi, na mkononi mwa Cheche ukabaki mpini mtupu. Mama aliupokea, akaufuta kwa upindo wa khanga, akauangalia pale palipolika.

"Baba yako naye," akasema, "aliwahi kuunguza shati lake la harusi kwa pasi akasema shati ndilo lenye kosa." Akamrudishia. "Damu haipotei."

Jumatatu asubuhi Cheche alisimama barazani mbele ya shule nzima. Aliyeahidi ni yeye, na hasira zina faida moja, huwezi kukana ulichokitangaza kwa kelele. Alishika sahani ya pamba mkono mmoja, mpini mkono mwingine, akasahau maneno yote aliyofundishwa na Daktari.

"Mnaniona? Mapunye yenu yalitoka kwangu," akasema. "Kwenye brashi. Mwalimu wenu alisema kweli, mimi nikabisha."

Watoto wakanyamaza vile watoto wanavyonyamaza wanapoona mtu mzima kakamatwa.

"Sasa huyu hapa ndani," akainua sahani, "wewe ukimwita mdudu umemkosea. Ana nyumba, ana vyumba! Bakteria ndiye mwenye chumba kimoja, analala na ndoo yake." Kicheko cha kwanza. Akaona kumbe kunyoa na kusema ni kazi moja, akaendelea: chumba cha ramani, chumba cha jenereta, tofali hili na tofali lile, mimi na wewe wa mapazia. Akawaambia wasibadilishane kofia, na kwamba wote wenye madoa waende hospitali, kinyozi si daktari. Mtoto mmoja akauliza kama ule ukungu unaweza kufugwa. Cheche akasema muulizeni mama yangu.

Mwalimu Mkuu hakupiga makofi. Alisubiri watoto waingie madarasani, akasema, "Jenereta inaitwa mitokondria," akaondoka.

Siku zikapita bila mtu. Cheche alikuwa amenunua rundo la vitambaa vidogo vyeupe, kila kichwa chake kitambaa chake, kikitumika kinaingia ndoo yenye kifuniko na kwenda kwa mama kuchemshwa. Rundo lilikaa pale limekunjwa, halijaguswa. Fundi viatu akaja kukaa kwenye kiti, akasema anapumzisha mgongo tu, akanyolewa. Hata hakuombwa aifute simu yake, aliifuta mwenyewe.

Halafu mchana mmoja kiti kikalia, Cheche akageuka, na aliyekaa ni Mwalimu Mkuu. Nyuma ya dirisha, kwenye uzio wa shule, vichwa vya watoto vimejipanga kama machungwa sokoni, vingine bado na madoa yanayoanza kuota nywele.

"Nyuma zimerefuka," akasema. "Punguza. Na usininyoe kama askari."

"Mwalimu, kichwa chako nakiona mimi au unakiona…" Akajiuma ulimi.

"Endelea," akasema Mwalimu Mkuu kwenye kioo. "Nilikuwa nangoja nione kama umebadilika. Afadhali hujabadilika."

Akaimwagia mashine spiriti, akaichoma, pwaa. Watoto wakashangilia. Akanyoa taratibu, mstari wa kisogoni ukanyooka kama rula. Alipomaliza, mkono wake ulipanda wenyewe juu ya kioo, kwenye msumari, kama ulivyozoea, ukashika mpini mtupu. Vidole vikakaa mahali pa baba.

Kisha akaurudisha, akachukua kitambaa kutoka juu ya rundo, akakikung'uta, na kupangusa.

"Fyu," akasema kwa mdomo, maana kitambaa hakilii.